Turubai la Thadeus Migombani

Mwaka 1946 Thadeus alirudi kwao Kilema, Uchaggani, kutoka vita vya Bama, ng'ambo ya bahari, akakataa kulala ndani ya nyumba yake.

Si utani. Miaka minne mkewe Dominika kamsubiri. Kapika mtori wa ndizi, kamvalisha gauni jipya binti yao Mektrida, aliyeachwa mchanga. Mwanaume akasalimia akiwa uani, akashusha mzigo, akauliza kamba iko wapi.

Akaivuta kati ya miti miwili migombani, akatupa juu yake turubai la jeshi. Pembe nne akazifunga kwenye vigingi. Upande unaoshukiwa na upepo wa mlimani akauinamisha karibu na ardhi, kisha akachimba kijifereji ili maji ya mvua yapite pembeni. Ndani akatandika majani makavu ya mgomba.

"Baba Mektrida, nyumba ina nini?" Dominika aliuliza.

"Haina kitu."

"Basi mimi nina nini?"

"Chakula uwe unaniwekea hapo nje. Mtoto asije."

Maneno yakasambaa. Wengine walisema kaacha mke huko Bama. Wengine walisema Dominika kakosa, na mume kajua. Dominika alilia mpaka akaanza kuamini kwamba kweli amekosa, ila hajui lini.

Mwezi wa pili uzalendo ukamshinda. Akamwendea mama mkwe, na mama mkwe akakata jani la isale.

Kwa Wachagga, ukiletewa isale umeombwa msamaha, na huwezi kukataa, hata kwa kosa la damu.

Thadeus alilitazama lile jani mkononi mwa mama yake.

"Mama, ungeniuliza kwanza."

"Nikuulize nini? Pokea."

Akapokea. Turubai likafunguliwa siku hiyohiyo, naye akahamia ndani. Dominika alimshukuru Mungu, na Mektrida akawa hapati usingizi mpaka apakatwe na baba yake.

Masika yalipoisha, mtoto akaanza kukohoa. Akakonda mpaka lile gauni likawa linamvuka mabegani.

Hapo ndipo Thadeus aliposema.

"Daktari wa jeshi aliniambia nina kifua kikuu. Nisilale chumba kimoja na mtoto."

Dominika alikaa chini. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, nani angekanyaga hapa tena? Na huyu angeolewa na nani?"

Mektrida alizikwa mwezi wa nane. Baba yake hakufika Krismasi.

Dominika aliolewa tena baadaye, akamzaa mama yangu. Bibi hakuwahi kumlaumu mama mkwe. Alijilaumu yeye, kwamba alikimbilia kuomba radhi kwa kosa asilolijua, kumbe mumewe alikuwa anampenda kuliko alivyowahi kupendwa na mtu.

Ndugu yangu, kama unaumwa, waambie walio wako. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakutuambia kwamba kinaweza kuanza na mtoto.