Stambuli na Lori Lililofia Mgeta

Stambuli aliendesha malori ya shirika la umma miaka kumi na tisa kabla hajapunguzwa kazi. Kule injini ikifa, dereva alijaza fomu, akadandia gari jingine kurudi Morogoro, karakana ikahangaika na mengine. Hakuna aliyemuuliza umeniulia nini, maana gari halikuwa la mtu.

Mwaka 1997 akapata kazi kwa Bi Hidaya, mfanyabiashara wa mpunga wa Dakawa. Mama huyu alikuwa ameweka nyumba yake rehani ili anunue lori kwenye mnada wa chama cha ushirika kilichofilisika. Alilikatia bima kubwa, na cheti chake alimwonyesha kila mgeni. "Hata likipinduka, mimi nalala usingizi," alikuwa akisema.

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, Stambuli alipanda nalo Mgeta likiwa na mifuko ya mbolea. Rejeta ilikuwa inavuja tangu Ijumaa. Alikuwa ameziba tundu kwa kipande cha sabuni, akajiambia atachomelea akirudi. Mlimani mshale wa joto ukaanza kupanda. Aliuona. Lakini barabara ilikuwa nyembamba, tope tupu, na zilibaki kona nne tu. Akakanyaga mafuta. Kwenye kona ya tatu injini ikagonga kama mtu anayepiga bati kwa nyundo, kisha ikanyamaza. Alipojaribu kuiwasha haikuzunguka hata kidogo.

Bi Hidaya alifika kesho yake na fundi, mbolea ikiwa imeshashushwa. Fundi hakuchukua muda.

"Imenoki, mama. Imeendeshwa bila maji. Hii ni kununua nyingine."

"Si nina bima kubwa?"

"Bima inalipa ajali. Dereva kuua injini huku anaona imechemka, hiyo hawalipi."

Bi Hidaya alikaa juu ya jiwe. Fundi alipokwenda kunawa mikono, akasogea ukingoni mwa barabara, akatazama korongo.

"Stambuli, mkaguzi wa bima anakuja Alhamisi. Gari likisimama mlimani hivi, breki zinaweza kuachia, siyo?"

"Zinaweza, mama."

"Haya. Mimi nashuka mjini. Leseni yako nipe nikutunzie."

Akampa.

Alibaki peke yake na lori. Alielewa vizuri alichoambiwa. Likienda korongoni, Bi Hidaya atalipwa, yeye atarudi kwenye usukani, na habari ya sabuni itazikwa na mabati. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kuondoa mawe mawili chini ya matairi na kuachia breki ya mkono. Mara mbili aliinama kuyashika mawe yale, mara mbili akainuka.

Jumatano asubuhi akaja Yuliana, mkulima mwenye nyumba bondeni chini ya kona ile, na ugali na maharage kwenye bakuli.

"Kaka, hili gari lako limeelekea kwangu. Linashikwa na nini?"

"Breki. Na mawe."

"Mangapi?"

"Mawili."

Yuliana akashuka. Akarudi na jiwe kichwani, kisha jingine, na jingine, mpaka yakawa manane. Stambuli aliyapokea na kuyasukumiza chini ya matairi bila kumtazama usoni.

Alhamisi mkaguzi akafika pamoja na Bi Hidaya. Alikuwa kijana wa shati jeupe, jina lake Geofrey.

"Shikamoo mzee. Hebu nieleze ilikuwaje."

Bi Hidaya alisimama nyuma ya kijana, macho yake kwenye mawe. Stambuli akaeleza yote: rejeta, sabuni, mshale, kona nne. Geofrey akaandika, akamsomea, Stambuli akatia saini.

"Hatutaweza kulipa, mama. Ni kosa la dereva."

Bi Hidaya hakupiga kelele. "Nilidhani nimekukabidhi gari," alimwambia Stambuli. "Kumbe nilikukabidhi na nyumba yangu. Basi utakaa nalo hapa mpaka nipate wa kulinunua."

Alikaa wiki kumi na moja, masika yote, akilala kwenye kiti cha mbele huku maji yanadondoka begani. Mkewe Mwanvita alipanda mara moja kumfuata.

"Turudi nyumbani, baba Kibwana."

"Nikiondoka watang'oa vifaa. Atasema nimeuza."

Mwanvita akashuka peke yake.

Hatimaye wanunuzi wa vyuma chakavu wakalikata vipande. Stambuli akaenda Dakawa kudai leseni. Bi Hidaya aliitoa kwenye mkoba, akaitazama.

"Nikikupa leo, kesho utaendesha gari la mtu mwingine. Mimi nitabaki na nani?"

Akairudisha mkobani. Stambuli alifika hadi mlango wa kituo cha polisi ili aseme imepotea, apewe nyingine. Askari angemuuliza imepotelea wapi. Akageuka.

Alianza kubeba magunia kwenye mashine ya mpunga ya mama yule, na sasa ni mwaka wa tatu. Kila asubuhi Bi Hidaya humsalimia vizuri, humpa chai, humuuliza hali ya watoto. Nyumba yake bado iko mikononi mwa benki, na hilo halitaji kamwe.

"Angekuwa ananitukana," Stambuli alimwambia mkewe, "ningekwisha kuondoka zamani."