Siku Mama Alipoilisha Klabu

Jikoni kwangu kuna mwiko ambao kila mgeni hunishauri niutupe. Ncha yake imeungua upande mmoja, nyeusi tii, na nikiutia kwenye maji ya moto kusonga bukari, ndiyo ugali wetu wa Lubumbashi, unatoa harufu ya moshi wa zamani, kama kuni zilizonyeshewa. Mume wangu husema bukari yangu ina ladha ya nyumba iliyoungua. Mimi harufu hiyo ikinipanda puani, nakuwa tena na miaka tisa, niko mtaa wa Kasungami, na nimekasirika kwa hasira ambayo sijapata kuwa nayo tena.

Niwaambie kwanza nilikuwa mtoto wa namna gani, msije mkanihurumia bure. Nilikuwa mjuaji. Nilipanga viatu vya nyumba nzima mlangoni, vikubwa mbele, vidogo nyuma. Nilimkumbusha mwalimu kazi aliyosahau kuisahihisha, na nadhani mnaelewa kwa nini sikuwa na marafiki wengi. Kitu kilichoniudhi kuliko vyote duniani kilikuwa mtu mzima anayesahau.

Mwaka ule mvua zilikuja kwa fujo. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya udongo ambayo hayakuchomwa, na baba alikuwa Mitwaba kwa ndugu zake, akilima. Barabara zikageuka matope, akafungiwa huko. Asubuhi moja tukiwa tunakunywa chai, ukuta wa upande wa njia ukalala chini taratibu, kama mzee anayetafuta pa kuketi. Hakuna aliyeumia. Lakini sasa kila aliyepita njiani aliona kitanda chetu, sufuria zetu, na godoro lililokuwa linakauka kwa sababu ya mdogo wangu, ambaye leo ni baba wa watoto wanne na hapendi nilitaje godoro hilo.

Mama hakulia. Alifungua sanduku lake, akatoa vikwembe vitatu, yaani vitenge, vile vizuri vya kuvaa harusini, akavitundika kwenye kamba mahali pa ukuta. Kisha akajificha nyuma yake. Mama yangu alikuwa mtu wa kupokea watu. Kabla hatujahamia Kasungami hakuna aliyepita kwetu bila kupakuliwa chakula, na jirani aliyeleta sahani yenye kitu hakurudishiwa sahani tupu. Sasa katekista alipoleta unga kidogo, mama alimwambia kutoka nyuma ya kikwembe, asante sana, wapelekee wenye shida. Sisi tuliagizwa kumjibu kila aulizaye kwamba mama hayupo. Tulijibu hivyo siku nne, huku miguu yake ikionekana wazi chini ya vikwembe.

Aliacha pia kuimba. Na alituambia tule upesi, mtu asije akatukuta na sahani zetu zilivyo. Sikujua aibu ni kitu gani, lakini niliiona inakaa nasi mezani na inakula zaidi yetu.

Jumamosi ikaja Klabu. Ilikuwa na jina refu, lililoandikwa kwenye kofia zao za kijani, ila mtaa mzima tuliiita Klabu tu, kana kwamba hapakuwa na nyingine. Walikuwa watu kumi na wanane: mafundi, walimu, wauza makala, ndiyo makaa ya kupikia, wastaafu wa migodini. Kila Jumamosi walifanya kazi moja kwa ajili ya nyumba moja, wakala pamoja hapo hapo, wakatawanyika. Rais wao alikuwa Mama Furaha, mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, aliyeleta maharagwe na viazi kwa malori. Mama mpana, mwenye sauti ya kusimamisha lori. Wenyeji walimtania kwa kusema "bugali" badala ya bukari, naye aliwajibu kwamba mji huu unajua kula maharagwe yake ila haujui kuyachagua. Nyuma yao wote alikuja Papa Kalenga, mstaafu wa karakana ya mgodi, akisukuma mkokoteni wa vifaa ambao hakumruhusu mtu mwingine kuupakia. Kicheko chao kilifika kabla yao. Mama akaingia nyuma ya kikwembe cha katikati.

"Mama haiko," nikasema.

Mama Furaha aliitazama ile miguu kwa adabu, kisha akazungumza na kikwembe.

"Bon. Basi akirudia, mumwambie tumekuya kusimamisha ukuta. Tuko na matofali, tuko na unga, tuko na maharagi, tuko na sufuria kubwa. Lakini mwiko tumesahau. Sasa hawa bantu bote batakula nini? Tunaomba mama atuazime mwiko yake."

Mimi nilikuwa nimeshawahukumu. Watu kumi na wanane, mkokoteni mzima, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka mwiko. Nilingoja mama awaambie, asante sana, wapelekeeni wenye shida.

"Mwiko tu?" sauti ya mama ikauliza.

"Mwiko tu."

"Iko. Lakini haiko mukubwa."

"Itatosha. Ila kwetu mu Klabu, mwenye mwiko njo anasonga."

Kikwembe kikasogea, mama akatoka na mwiko mkononi. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, sijui saa ngapi. Kwa dakika chache za kwanza alitembea kama mtu aliyekosea nyumba, kisha akaona namna walivyokuwa wanawasha moto, akashindwa kuvumilia. Aliyahamisha mafiga. Alimrudisha mwalimu mmoja wa sekondari akanawe mikono upya. Alinituma nyuma ya nyumba nikachume lengalenga, mboga yetu wenyewe, maana maharagwe peke yake, alisema, si kitu cha kuwapa watu wanaobeba udongo. Na maji yalipochemka akaanza kusonga, na mwiko ukawa unagonga ukingo wa sufuria, pu, pu, pu, huku upande wa pili ukuta ukipanda tofali juu ya tofali. Papa Kalenga alisema leo mafundi wanafuata mapigo ya jikoni.

Walikula wameketi juu ya matofali yaliyobaki, na mama akizunguka kati yao na sufuria. "Mukule," alisema. "Mukule, iko ingine." Sikuwa nimesikia maneno hayo tangu tuhamie. Mmoja baada ya mwingine walimshukuru mama kwa chakula, hata Mama Furaha, ambaye alitikisa kichwa na kusema bugali hii ni kali. Mimi nilisimama pale nikiwa na neno linaloniwasha ulimini: unga ulikuwa wao. Nilitaka kuwasahihisha. Mdogo wangu alinikanyaga mguu kwa bahati tu, nikanyamaza.

Jioni ukuta ulikuwa umesimama, vikwembe vimerudi sandukuni, na mama alikuwa anaosha sufuria akiimba.

Baada ya hapo mama naye akavaa kofia ya kijani, na sisi watoto tukawa tunafuatana naye kila Jumamosi. Ndipo nilipogundua jambo la kutisha. Walisahau mwiko tena. Walisahau kwa fundi cherehani kipofu, tulikokwenda kuezeka jiko. Wiki iliyofuata wakasahau kwa mjane mmoja aliyezibuliwa mtaro. Na kila mara Mama Furaha alisimama mlangoni na kutangaza bila haya kwamba wana kila kitu ila mwiko. Nilimwonea aibu. Nikakata shauri kwamba kama watu wazima hawa hawajiwezi, mimi nitawaokoa.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwa Kambo Monga. Kambo ni bibi, na yeye alikuwa bibi wa njia nzima, mwembamba, anaishi peke yake kwenye nyumba ambayo paa lake lilikuwa linavuja juu ya kitanda. Tulimkuta ameketi nje, amevaa kikwembe chake cha kanisani. Pembeni yake, umeegemezwa ukutani juani, palikuwa na mwiko uliosuguliwa hadi ukawa mweupe. Niliuona. Naapa niliuona, na haukuniambia chochote.

Mama Furaha akaanza. "Kambo, tuko na mabati, tuko na misumari, tuko na unga. Lakini mwiko..."

"Niko nayo, Maman Présidente," nikasema, na nikauchomoa mwiko wa mama kutoka kwenye mfuko wangu wa shule.

Nilingoja pongezi. Mkono wa Kambo ulikuwa tayari umeshika mpini wa mwiko wake. Ukauachilia, ukarudi mapajani. Nilimwona anatazama paa lake, halafu anatazama chini, na nikadhani amechoka na jua.

Mama Furaha akaupokea mwiko wangu kwa mikono miwili. "Asante, binti yangu," akasema. "Uko na akili." Kisha akainama, kwa utulivu wote, akauingiza katikati ya moto na kuanza kuyachochea makala. "Moto huu unalala," akasema. Alichochea, akachochea, mpaka ncha ikashika moto, ndipo akauchomoa unafuka moshi na kuutazama kwa masikitiko. "Aa, pole. Nimeiharibu. Kambo, sasa ni weye utatuokoa."

Kambo Monga akainuka na mwiko wake. Alisonga bukari ile mpaka mwisho, akamkatalia hata mama yangu alipotaka kumpokea, na alipomaliza jasho linamtoka alitupanga sote kwenye mstari na kutupakulia mmoja mmoja, akituuliza sisi ni watoto wa nani. Mimi sikula. Nililia chozi la hasira, nyuma ya mkokoteni, na hakuna aliyekuja kunibembeleza.

Njiani kurudi nilimwambia mama, "Ameiunguza mwiko yetu."

"Nimeona," akasema mama.

"Haukasiriki?"

"Nitakasirika kesho."

Kesho yake aliukwangua kwa kipande cha chupa, akauosha, akausongea bukari kama kawaida, na habari ikaishia hapo. Kwangu haikuisha. Nilimnunia Mama Furaha mwaka mzima, naye kila akiniona alinipa kiazi.

Nilikua, nikaenda kusomesha Likasi, nikaolewa, nikarudi Lubumbashi. Mama Furaha alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Klabu ilikuwepo bado, kofia zilikuwa zimebadilika rangi, na Papa Kalenga, mzee sasa wa kutembea na fimbo, alikuwa bado halali mpaka mkokoteni upakiwe anavyotaka. Nilijiunga mwaka jana. Walinipa kazi ya kumsaidia kuandaa vifaa, nami, mnanijua, nikaandika orodha. Neno la kwanza juu kabisa: mwiko.

Papa Kalenga alivaa miwani, akasoma, akaomba kalamu, akakata mstari.

"Mwiko, hapana," akasema. "Mwiko tunasahau."

Nikacheka, nikidhani uzee. Hapo akainamia gunia la makala, akatoa kutoka chini kabisa mwiko mrefu uliofungwa kwa gazeti. Aliufungua anionyeshe. Ulikuwa msafi, mti mtupu, haujaonja unga tangu uchongwe.

"Hii iko ya nyumba yenye haina ata mwiko," akasema. "Inatembeaka na siye kila Samedi. Haiyatoka ata siku moja."

Niliketi juu ya lile gunia. Nilimwona Kambo Monga na kikwembe chake cha kanisani, na mkono wake unarudi mapajani. Miaka yote ile nilikuwa nimebeba kesi ya mwiko wangu, na sikuwa nimewahi kumwuliza mtu kuhusu wa kwake. Nikamwona na Mama Furaha akiutia motoni, mbele ya watu wote, akikubali aonekane mzembe na mharibifu na mtoto amchukie, ili kikongwe mmoja apate kutualika kula. Nilimlilia mama yule siku hiyo kuliko nilivyomlilia nilipopata habari ya kifo chake. Ningetoa chochote nimwambie asante, hata kwa vile viazi.

Mama yangu anakaa kwangu siku hizi. Huketi kwenye mlango wa jiko akichagua maharagwe, na mgeni akija lazima asimuliwe: siku moja mimi peke yangu nililisha Klabu nzima, bantu kumi na munane. Hasemi kamwe kwamba siku hiyo tulijengewa ukuta. Nami kila mara nilikuwa namsahihisha mbele ya mgeni: mama, unga ulikuwa wao.

Jioni ile nilimwendea mbio na ugunduzi wangu. Nilimweleza gunia, gazeti, mwiko ambao haujaonja unga. Aliendelea kuchagua maharagwe yake mpaka nikamaliza.

"Nilijua," akasema.

"Tangu kwa Kambo Monga?"

"Tangu kwetu. Nilikuwa nyuma ya kikwembe, nilikuwa naona kila kitu. Mwiko yao ilikuwa inatokeza kichwa mu saki ya makala."

"Na haukusema kitu?"

Mama alinitazama vile alivyokuwa akinitazama nikipanga viatu.

"Balikuwa bageni bangu," akasema. "Mugeni, utamupatisha haya namna gani?"

Akarudi kwenye maharagwe. Nikautoa mwiko wenye ncha nyeusi ukutani, nikabandika maji. Tangu siku hiyo, mama akimwambia mgeni kwamba aliilisha Klabu nzima, mimi huitikia kwamba ni kweli, nilikuwepo.