Mteremko wa Hatua Arobaini

"Utamwambia leo kwa kinywa chako, au nitamwambia mimi kwa changu. Na changu unakijua," mke alisema, macho hayajatoka kwenye cherehani.

"Mwambie," mumewe akajibu. "Kesho nitakuwa nimekaa hapahapa kutwa nzima, nakutazama ukitunga uzi. Tuone nani ataanza kulia."

"Mimi," shemeji yake, mdogo wa mkewe, akadakia kutoka kwenye kiti cha dirishani, alikokuwa akichambua maharage. "Mimi ninayekuja hapa kupumzika."

Kilichokuwa kinagombaniwa ni goti. Goti la kulia la huyo mume, mfagizi wa njia ya kijitoni, ambalo kwa miaka miwili mkewe alikuwa analikanda kwa maji ya moto kila jioni, na kila asubuhi mwenyewe anaapa kuwa halipo.

Njia yenyewe ilifuata kijito kutoka getini hadi kwenye daraja dogo, kilomita moja na nusu ya vitofali vya kijivu. Getini palikuwa na kibao: NJIA RAHISI. WATOTO, WAZEE NA VITI VYA MAGURUDUMU, KARIBUNI. Vitofali vile alivipanga yeye na wenzake, enzi za ufundi wake. Miezi saba mizima alipiga magoti kama mtu mwenye dhambi za ukoo mzima. Mahali pamoja tu ardhi iligoma kuwa tambarare, na hapo akatengeneza mteremko wa hatua arobaini. Aliuvunja akaupanga upya mara tatu. Pimamaji ilisema uko sawa tangu mara ya kwanza, lakini yeye hakuiamini. Aliridhika siku alipoteremsha ndoo ya maji iliyojaa pomoni juu ya toroli, na lisimwagike hata tone.

Kazi ilipokwisha, wenzake wakaenda kutafuta nyingine. Yeye akaomba fagio. Watu wakasema fundi amependa njia yake, na hawakukosea. Ila pia hakukuwa na tajiri wa kuajiri fundi anayepiga goti mwenyewe halafu akahitaji watu wawili wa kumwinua.

Sasa goti hilo lilikuwa na tabia zake. Kwenye tambarare lilinyamaza, kupanda lilivumilia, lakini kuteremka lilimtukana. Siku moja, akiwa amechoka kutukanwa, aligeuka akaushuka mteremko kinyumenyume, huku anafagia. Goti halikusema kitu. Tangu siku hiyo hakushuka tena uso mbele.

Watoto walimwona. Mtoto akiona mtu mzima anatembea kinyumenyume, huyo amepata mwalimu. Wakambandika jina, Babu Kinyumenyume, wakajipanga nyuma yake kama vifaranga. Wazazi wakaona aibu kushuka peke yao uso mbele, nao wakageuka. Wageni waliokuja Jumapili wakakuta watu wote wanateremka hivyo, wakadhani ndiyo desturi ya pale, na mgeni mwenye adabu habishani na wenyeji. Mwezi haukuisha, ukoo mzima ulishuka kinyumenyume, kuanzia bibi hadi kitukuu, pamoja na mbwa wao, ambaye alionekana kujuta.

Hayo yangeishia kwenye vicheko. Lakini mgeni mmoja, mtu makini, aliandika kwenye daftari la maoni pale getini: *Njia ni nzuri, ila mteremko ni mkali mno. Watu wanaushuka kama ngazi ya darini.*

Daftari likafika mezani kwa msimamizi. Huyu alikuwa mgeni kazini, na watu wote walimjua akiwa amekaa: ofisini amekaa, garini amekaa, hata kwenye kikao cha kusimama kumkumbuka marehemu yeye alikaa. Alitoa barua: kibao kiondolewe, na mteremko ufungwe mpaka zijengwe ngazi. Kisha akatuma ujumbe kwamba asubuhi hii angekwenda kupaona mwenyewe, na akitoka huko angepita nyumbani kwa mfagizi, amsikilize aliyepanga vitofali.

"Nitamwambia wanatazama bata," mfagizi alisema.

"Bata wako bwawani," mkewe akasema. "Bwawa liko chini. Anayeshuka kinyumenyume anawapa bata mgongo."

"Basi wanatazama walikotoka."

"Shemeji," yule wa maharage akasema, "uongo nao unataka kupimwa na ndoo ya maji. Huo wako unamwagika."

Mkewe alisimamisha cherehani, akanyanyua suruali ya kazi iliyokuwa begani kwake. "Hii hapa. Goti la kushoto nimelitia kiraka mara nne. La kulia jipya, kama limetoka dukani jana. Mtu akikutazama suruali tu anajua unapigia goti upande gani. Wewe unamficha nani, baba watoto?"

"Namficha mwenye kalamu. Nikitaja goti, sentensi itaishia njiani, nimeshastaafishwa."

"Mficha maradhi..."

"Kilio humuumbua. Najua. Mama yako aliniambia siku ya kwanza aliponiona, na wakati ule nilikuwa mzima."

Shemeji akacheka peke yake, kisha akaacha. Akatupa kijiwe alichokiokota kwenye maharage. "Mimi sijasoma, lakini niulize. Ngazi zikijengwa, yule binti wa Alhamisi atampitisha wapi mama yake?"

Binti wa Alhamisi alikuwa akimleta mama yake kwenye kiti cha magurudumu. Walipofika juu ya mteremko aliachia mikono, akatembea kando tu, na kiti kikateremka chenyewe polepole, mwendo wa bibi harusi, kikasimama chenyewe pembeni ya benchi. Mama yule alikuwa na mazoea ya kusema, "Leo nimetembea." Mfagizi alikuwa amemsikia mara nyingi, na kila mara alijifanya anafagia majani ambayo hayapo.

Ngazi. Kwenye mteremko wake.

Alisugua goti kwa kiganja, mbele ya watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya mchana tangu lilipoanza kuuma.

"Nipe hiyo suruali," akasema.

"Ya nini?"

"Niivae. Aone mwenyewe." Akainuka kwa kushika meza, akakohoa, akajisimamisha wima kama kwamba msimamizi yuko mbele yake. "Bwana msimamizi. Mteremko hauna kosa. Ulete ndoo, ulete toroli, nikuonyeshe. Wale watu wanamwiga mtu mmoja, na mtu mwenyewe ni mimi. Mimi nina..."

"Hodi," sauti ikaita mlangoni.

"Karibu," shemeji akaitikia kabla hajatafakari.

Nyumba yao ilikuwa chini ya usawa wa barabara. Mtu akifungua mlango, alishuka vipandio vitatu vya saruji ndipo afike chumbani. Msimamizi alifungua, faili kwapani, akawasalimu wote kwa pamoja. Akavitazama vile vipandio muda mrefu kuliko vilivyostahili. Halafu akaweka faili juu ya kabati lililokuwa kando ya mlango, akawageuzia mgongo, akashika fremu ya mlango kwa mkono mmoja na goti lake la kulia kwa mwingine, akaanza kushuka kinyumenyume, kimoja kimoja.

Shemeji alifungua mdomo. Dada yake akamkanyaga mguu.

Mfagizi alikuwa bado amesimama na suruali mkononi.