Bega la Kulia

Riwaya hazijaanza kunilisha. Mjini Mpanda ninakula kwa kutengeneza mabango kwenye duka la steshenari: harusi, mikutano ya injili, misiba. Ndipo likaja bango la filamu ya wapiga ngoma wanne wa Mwese, ndugu wa tumbo moja, viziwi wote.

Wakati wa kupiga, kaka yao mkubwa alisimama mbele, akiwapa mgongo wadogo zake. Hao hawakuangalia mikono yake, waliangalia bega la kulia. Likipanda, fimbo zinapanda. Likishuka, ardhi inatetemeka mpaka kwenye nyayo zako.

Kabla sijamaliza bango, pikipiki ilimgonga kaka huyo kwa nyuma kwenye mteremko wa kijijini kwao. Akafa palepale. Dereva alilia msibani: "Nilipiga honi, jamani. Nilipiga sana."

Mwongozaji wa filamu akanipigia simu. "Weka uso wa marehemu, kaka. Uso ndio unaleta watu."

Baada ya matanga, mama yao alishuka mjini na mwanawe wa pili. Kijana alisema kwa mikono, mama akawa sauti yake.

"Anasema usimkate bega."

"Simkati, mama."

"Umchape mzima, kimo chake, kwa mgongo. Siku ya filamu watamsimamisha mbele, wapige."

"Lakini mama, picha haisogei."

Vidole vikaenda, vikarudi. Mama akacheka kidogo, bila furaha. "Anasema we chapa tu. Maneno mengi ni ya wenye masikio."

Nikachapa. Nilichagua picha ambayo bega liko juu.

Ukumbini walilifunga bango kwenye nguzo mbili. Wale watatu wakajipanga nyuma yake, wakainua fimbo, wakalitazama bega. Lilikuwa juu. Likabaki juu.

Watu wakapiga makofi kuwatia moyo. Mmoja akapaza sauti: "Pigeni basi nyie, mnaogopa nini?"

Mikono ikaanza kutetemeka kwa kuchoka. Kitinda mimba akapiga pigo moja, peke yake, akageuka kuwatazama kaka zake. Hawakumfuata. Yule wa pili akashusha fimbo, akaenda kulikunja bango, akianzia miguuni.

Filamu ilipowashwa, bega lilipanda na kushuka ukutani, kubwa, hai. Wao walikuwa wameshatoka nje, wanapakia ngoma.

Mama yao alinikuta mlangoni.

"Mwanangu, bango hili linapitisha maji?"

"Halipitishi, mama."

"Basi tutafunikia ngoma."