Chini ya birika la Bi Maggie

Nimejifungia bafuni na bakuli la sukari la fedha. Mama mkwe anagonga.

Leo tulipeleka kwa mtaalamu seti ya chai niliyoachiwa na marehemu jirani yetu, Bi Maggie.

Mtaalamu, mzungu, akapindua birika, akaweka lenzi jichoni.

Akauliza kwa Kiingereza, "Nani kasugua hapa? Alama zote za kuthibitisha fedha zimefutika."

"Anasemaje?" mama mkwe akaniuliza.

Mama ametoka Kitale juzi juzi. Kwao usafi wa mwanamke unaangaliwa chini ya sufuria.

Nikajibu, "Anasema linang'aa."

"Mwambie nilitumia waya ya kusugulia sufuria."

Sikumwambia.

Ndipo mzungu akapindua bakuli la sukari. Chini jeusi tii, maana bakuli haliendi motoni, mama hakujisumbua nalo. Na ndani ya weusi ule: simba anayetembea, yaani fedha halisi, na nanga, yaani lilipigwa muhuri hapa hapa Birmingham.

Nilikaribia kulia.

Mama naye akauona ule weusi. Tulipofika tu nyumbani, akanyoosha mkono nimpe bakuli.

Jamani, namwambiaje?

"Fungua, mwanangu. Waya nimeshailoweka."