Goti la Mhoja na Gunia la Athanasi

Kwa miaka ishirini na miwili Mhoja wa Nkololo alishindilia pamba ya ushirika kwa miguu yake. Gunia lilining'inizwa kwenye miti, naye akazama ndani na kukanyaga hadi pamba ikawa ngumu kama ukuta. Washindiliaji wa kila gunia walikuwa wawili, wakipokezana, kwa kuwa mguu uliochoka hauinuki sawasawa.

Soko huria likamleta Athanasi, wakala wa mnunuzi binafsi. Akafuta zamu.

"Mtu mmoja anatosha, mzee. Au unaogopa pamba?"

Siku ya tatu Mhoja aligeuka huku unyayo wake umenaswa. Kiwiliwili kikaenda, mguu ukabaki, goti likalia kama kijiti kikavu. Walimvuta nje kwa kamba.

"Goti la kizamani hilo!" Athanasi aliwachekea wakulima waliokuwa kwenye foleni. "Uzee tu. Mpelekeni akaote jua."

Kwenye zahanati, mganga Generoza alilikunja goti lililovimba, akalizungusha polepole.

"Baba, gegedu la ndani limechanika. Kwa miaka yako hamsini na minne lilikuwa limeshachakaa, sikufichi. Lakini uchakavu haukujitia guniani."

"Mtanipasua?"

"Hapana. Kaa kitini, nyoosha mguu, uinue, hesabu hadi kumi. Paja likipata nguvu litalipunguzia goti mzigo."

Mhoja alifanya hivyo kila asubuhi na jioni. Mkewe, Milembe, alimsikia akihesabu: "Athanasi mmoja, Athanasi wawili..."

"Baba Salu, unatibu goti au chuki?"

"Vyote vina dawa moja."

Alitaka jambo moja: Athanasi akiri hadharani kwamba gunia lake ndilo lililomvunja. Kabla ya msimu uliofuata alichechemea hadi nyumbani kwa kila mshindiliaji, akimwomba agome. Msimu ulipofunguliwa, hakuna aliyekubali kuingia guniani. Lori lilingoja siku mbili. Siku ya tatu Athanasi alivua viatu, akaingia mwenyewe. Mhoja aliketi karibu juu ya kigoda, mguu ameunyoosha.

"Mzee Mhoja, humu mtu anageukaje?"

Mhoja alijua: kisigino huinuliwa kwanza, ndipo mwili ugeuke.

"Sema kwanza kilichonivunja goti."

Athanasi aliitazama foleni.

"Uzee wako, mzee."

"Basi wewe bado kijana. Geuka tu."

Akageuka. Sauti ile tuliisikia sote tuliokuwa kwenye foleni, nayo kamba ilikuwa ile ile.

Wapo wanaosema Mhoja, kwa kuwa ni Mkristo, hakupaswa kunyamaza. Nami nauliza: walikuwa wapi zamu ilipofutwa? Nilikuwapo, na sikumwonea huruma.

Mhoja alimfuata hadi zahanati, akakaa kwenye benchi nje ya mlango. Wakulima walijaa nyuma yake.

"Umri?" Generoza aliuliza ndani.

"Thelathini na minne."

"Basi huu si uzee. Nini kimekuvunja?"



"Gunia," Athanasi alinong'ona.

"Rudia kwa sauti," Mhoja alisema kutoka benchini. "Foleni haijasikia."