Siku Hadija Aliponiita Mwalimu

Naikumbuka Jumatano moja ya mwezi wa sita, mwanangu, na sidhani kama nitaisahau mpaka nifukiwe. Upepo wetu wa Kondoa ulikuwa ule mkavu wa kipupwe, unaopasua midomo, na vumbi jekundu lilikuwa limewajaa watoto mpaka kwenye kope. Umenijia na furaha kunieleza kwamba umejitolea kusimamia kambi ya watoto likizo hii, na mwanao naye atakuwemo. Nimefurahi pamoja nawe. Lakini kabla hujaenda, nisikilize. Na mimi nilijitolea hivyo hivyo, na binti yangu alikuwemo.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Kambi za namna hiyo zilikuwa ngeni kwetu. Wazazi wa mtaa tulikubaliana kwamba badala ya watoto kuzurura likizo nzima, wakusanyike kila asubuhi kwenye uwanja wa madrasa, wacheze, wachore, wajifunze kufuma na kupanda miche, wanywe uji, alasiri warudi makwao. Wakatakiwa wazazi wa kuwaangalia. Nilinyoosha mkono kabla mwenyekiti hajamaliza kusema. Nilipenda watoto, hilo ni kweli. Nilipenda pia kuonekana, na kwa umri huu sioni sababu ya kulificha.

Nikakabidhiwa wasichana wa miaka minane mpaka kumi. Hadija wangu, aliyekuwa na tisa, akaangukia kwangu. Alikuwa mtoto wa kushikilia kanga ya mama yake, unawajua hao. Akiota ndoto anakuja kukusimulia. Akijikwaa anakuletea kidole ukione, hata kama hakitoki damu.

Siku ya kwanza niligawa kamba za kuruka, na zilikuwa chache. Ya kwanza nikampa Hadija, kwa sababu tu alikuwa amesimama karibu nami. Mama mmoja aliyemleta bintiye akamgeukia mwenzake, akasema kwa sauti ya kunifikia, "Kumbe kambi yenyewe ni ya mtoto wake."

Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani. Niliyatafuna wakati napika, nikayatafuna wakati nakula. Kisha nikamwita Hadija.

"Kuanzia kesho, tukiwa uwanjani mimi si mama yako. Utaniita mwalimu, kama wenzako. Na usije-usije kwangu kila saa."

Akanitazama. "Na nikipata shida je?"

"Shida zako zitasubiri mpaka turudi nyumbani."

"Sawa, mama."

Mtoto alitii kuliko nilivyotarajia. Kwenye foleni ya uji nilimweka wa mwisho, akasimama wa mwisho. Akiimba vizuri nilimsifu aliyekuwa pembeni yake. Mchana mmoja niliona anaanza kunijia, kisha akakumbuka, akageuka na kwenda kukaa peke yake kivulini. Nilimwona, mwanangu. Nikajisemea kwamba anakua. Na wale akina mama wakaanza kunisifia, eti Mama Hadija hana upendeleo hata kidogo. Nilikuwa nikitembea uwanjani kichwa juu.

Jumatano hiyo mpira uliingia kwenye ua wa michongoma. Hadija akaingia kuutoa, tawi likamrudi usoni. Haya niliyajua baadaye. Mimi nilikuwa getini naongea na akina mama. Akaja, jicho la kushoto amelifunika kwa kiganja.

"Mwalimu, jicho linaniuma."

Sikuutoa ule mkono. Kitendo cha kuinua mkono wa mtoto na kutazama chini yake kingenichukua muda gani? Lakini akina mama walikuwa wananiangalia, au nilidhani wananiangalia.

"Kila mtu hapa ana vumbi machoni," nikamwambia. "Kanawe, urudi kwa wenzako."

Alisimama kidogo, kama anayengoja niseme kitu kingine. "Ndiyo, mwalimu." Akaenda.

Jioni sikumuuliza, naye hakusema. Nilikuwa na wageni. Asubuhi niliona jicho limekuwa jekundu, nikalaumu upepo, tukaenda kambini.

Mpishi wetu wa uji alikuwa Bibi Mwanahamisi, mwanamke mtu mzima aliyekuja kutoka kijijini kukaa na mwanawe, na alikuwa bado hajatujua vizuri. Mchana akanijia amemshika Hadija mkono.

"Mwalimu, huyu mtoto jicho linatoka usaha. Nimemuuliza mama yake yuko wapi, ananiambia hapa hana mama. Ni yatima?"

Nikamjibu, "Ni wangu, bibi."

"Wako wewe?"

Nikaanza kumweleza. Nilimweleza habari ya kamba, na maneno ya watu, na kwamba nilitaka kuwatendea haki watoto wote. Akanisikiliza mpaka mwisho. Hakunifokea, na afadhali angenifokea.

"Binti yangu," akasema, "haki gani hiyo, inayoanza kwa kumnyang'anya mtoto mama yake?"

Zahanati walitazama wakasema tumwahishe Dodoma. Barabara ya wakati huo haikuwa hii ya lami, basi lilirukaruka mashimoni mwendo wote, nami nimempakata. Kila basi liliporuka alikunja uso, lakini hakutoa sauti. Nikamwambia, "Lia, mama, lia tu." Akajibu, "Nimeshazoea." Mtoto wa miaka tisa.

Daktari alikuwa mtu mpole. Alitoa ncha ya mwiba, akahangaika na lile jicho siku nyingi. Aliniuliza ameumia lini, nikamwambia.

"Tangu Jumatano! Hakumwambia mtu?"

"Aliniambia mimi," nikasema.

Jicho hilo halikuona tena.

Leo Hadija ni mama wa watoto wawili. Anafanya kazi ofisini Mtumba, kule Dodoma, ana mume mwema, sikukuu zote anakuja, na akinisalimia anainama kabisa. Watu wananiambia nimebahatika, nami namshukuru Mungu. Lakini mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa tumbo, na mimi nilikuja kuambiwa na mkwe wangu baada ya wiki tatu. Nilipompigia akasema, "Mama, sikutaka kukusumbua." Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyo tangu likizo ile. Nimemwomba msamaha mara nyingi. Kila mara ananijibu, "Yalishapita, mama, ulikuwa kijana." Naamini amenisamehe kweli. Ila kuniletea maumivu yake, hilo halikurudi, na sina pa kwenda kulidai.

Kwa hiyo, mwanangu, nenda kambini. Wanahitaji watu kama wewe. Watendee haki watoto wa wenzio, na mwanao asile zaidi wala asipewe cha kwanza kwa sababu ni wako. Ukiona utashindwa, mwombe mzazi mwingine amchukue kwenye kundi lake, si aibu. Lakini usimkane. Akikuita mama mbele ya watu, itika. Na mtoto yeyote, wako au wa jirani, akikujia ameficha mahali panapomuuma, acha unachofanya, inama, toa ule mkono, utazame kwa macho yako mwenyewe. Watakaosema watasema, na jioni watakwenda makwao wakalale. Wewe utabaki na mwanao.

Mungu akupe subira na watoto wa watu. Awalinde wote mtakaokuwa nao, warudi kwa wazazi wao wazima kama walivyotoka. Na akujalie uzee ambao mwanao akiumwa, wa kwanza kupigiwa simu ni wewe. Amina.